Karafuu na Mshahara wa Mwalimu: Shule za Pemba Katika Miaka ya Shida

Historia ya shule za kisiwa cha Pemba haiwezi kuandikwa bila kuitaja karafuu. Tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hilo. Kwa zaidi ya miaka mia moja hazina ya Visiwa ilijaa au ilipungua kwa kadiri ya karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi ya Wete, Chake Chake na Mkoani. Na hazina hiyo ndiyo iliyomlipa mwalimu.

Wamisheni nao hawakuwa nje ya kanuni hiyo. Jumuiya ya Marafiki, wajulikanao kwa jina la Quakers, walifika Pemba mwaka 1897, mwaka uleule sheria ilipouondolea utumwa nguvu zake. Walianzisha shamba la mikarafuu huko Banani, ili walioachwa huru wapate kazi na mafunzo. Tangu siku za mwanzo, basi, kazi ya kufundisha iliegemea mti huohuo.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulidhihirisha hatari ya maegemeo hayo. Bei ya karafuu ilianguka na wakulima wakazama katika madeni. Huko Tanganyika nako, katika miaka hiyo, ruzuku ya serikali kwa shule za misheni ilipunguzwa, na mzigo ukaziangukia misheni na sharika zenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba mwaka huohuo. Watoto ambao baba zao hawakuwahi kushika kalamu walikaa darasani. Hata hivyo, elimu hiyo ilikuwa na mlipaji wake. Serikali ilinunua karafuu kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na mkulima alipokea sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Sehemu iliyobaki iligharimia shule, hospitali na nyumba. Ada haikudaiwa mlangoni mwa shule kwa kuwa ilikwisha kukatwa kwenye mizani. Si ajabu kwamba wako waliopakia karafuu mashuani usiku na kuzivusha kwa magendo hadi Kenya.

Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilianza kujitosheleza kwa mikarafuu yake yenyewe. Bei ikaporomoka, na bajeti ya shule ikaporomoka pamoja nayo. Katika bajeti ya elimu mishahara huchukua fungu kubwa zaidi. Kwa hiyo kinachokatwa kwanza ni vitabu, chaki, madawati na ukarabati. Baada ya hapo hufuata jambo lisilotangazwa katika barua yoyote: mshahara hubaki na tarakimu zake, lakini hupoteza thamani yake sokoni.

Hapa ndipo lilipo fundisho kuu la historia hii. Mwalimu anaweza kupoteza kazi yake bila kuachishwa. Jina lake hubaki katika orodha ya watumishi, naye asubuhi hushika chaki, lakini jioni hulazimika kushika jembe au mshipi ili watoto wake wale. Mwingine hufunga safari kwenda bara, Mombasa au Oman, na darasa lake hugawiwa wenzake ambao tayari wameelemewa.

Katika miaka ya 1990 wazazi walitakiwa tena kuchangia. Baada ya mgogoro wa uchaguzi wa mwaka 1995, wafadhili wengi walisitisha misaada kwa Zanzibar, na shida ikaongezeka. Ndipo wananchi walipochukua zege na matofali mikononi mwao: kijiji kilijenga darasa hadi usawa wa linta, kisha kikaisubiri serikali iezeke. Kuta zilizosimama misimu mingi ya mvua bila paa zilikuwa ushuhuda wa mambo mawili kwa pamoja, bidii ya wazazi na ukavu wa hazina.

Muafaka wa Oktoba 2001 ulifungua ukurasa mwingine. Katika kipindi cha Rais Ali Mohamed Shein, kilichoanza mwaka 2010, michango ya wazazi katika shule za msingi ilifutwa, na mkulima wa karafuu akaanza kulipwa takriban asilimia 80 ya bei ya dunia.

Wakristo na Waislamu kwa pamoja wanaijua habari ya Yusufu na maghala ya Misri. Mkarafuu nao una msimu wa neema na misimu ya uhaba, na kila mchumaji wa Pemba analijua hilo. Mtihani wa jamii, serikali na usharika ni uleule: katika mwaka wa mavuno makubwa, je, mwalimu wa mwaka wa uhaba amewekewa akiba?