Kubungua Bongo: Mawazo Mapya ya Michezo ya Video Yalitoka Wapi?

Katika Kiswahili, kitendo cha watu kukaa na kusaka mawazo mapya huitwa kubungua bongo. Kabla ya kupewa kazi hiyo, kitenzi bungua kilikuwa cha wadudu, na bado ni chao: fukusi hubungua mahindi, na mbao iliyosahauliwa hubunguliwa hadi ikawa unga. Neno la Kiingereza tulilolifasiri hivyo lilisambazwa na Alex Osborn, Mmarekani wa matangazo ya biashara, katika vitabu vyake vya miaka ya 1940 na 1950. Neno lake lina picha ya tufani. Upepo unavuma, mawazo yanaanguka kama maembe. Picha ya Kiswahili ni nyingine kabisa, kwani mdudu habungui hewa. Hubungua kile kilichokwisha kuwamo ghalani.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, katika historia ya michezo ya video, fukusi amekuwa mkweli kuliko tufani. Nimeuchagua uwanja huu kwa sababu wanafunzi wetu wanaupenda. Isitoshe, wengi wao wanapotakiwa darasani kubuni hadithi au mchezo hujibu: "Mwalimu, Wazungu na Wajapani wameshabuni kila kitu." Kauli hiyo tusiikemee. Tuijibu kwa ushahidi.

Osborn mwenyewe aliamini kwamba watu wakikaa kikundi mawazo huongezeka. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, walilijaribu dai hilo. Walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofanya kazi kila mtu peke yake, kisha mawazo ya hao wa peke yao yakajumlishwa. Waliokaa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, na mazuri zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayenyamaza wakati wenzake wanapiga kelele za kubungua bongo asidhaniwe mvivu. Huenda ndiye anayebungua.

Tuanze na mchezo ambao mwalimu wa lugha hana budi kuujua. Kati ya mwaka 1975 na 1976, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aitwaye Will Crowther aliandika programu iliyokuja kuitwa Adventure. Crowther alikuwa mpenzi wa mapango. Yeye na mkewe Patricia walikuwa wametambaa na kuchora ramani katika mfumo wa mapango ya Mammoth huko Kentucky, na Patricia alikuwamo katika msafara wa mwaka 1972 uliogundua njia inayounganisha mapango hayo na yale ya Flint Ridge. Ndoa yao ilipovunjika, Crowther alitaka kitu cha kucheza na binti zake wanapomtembelea. Akachukua pango alilolijua kwa magoti na viwiko vyake, akaliweka katika maneno. Mchezo haukuwa na picha hata moja. Kompyuta ilieleza mahali ulipo, nawe uliiandikia amri ya neno moja au mawili: kitenzi na nomino. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua kwa mafumbo na viumbe vya kingano, na kutoka hapo ukazaa ukoo mzima wa michezo ya masimulizi.

Sasa tazama jambo linalotuhusu. Mashine iliyotumika ilihifadhi herufi tano katika kila chumba cha kumbukumbu yake, basi programu ilisoma herufi tano tu za mwanzo wa kila neno. Kwa Kiingereza usumbufu ulikuwa mdogo. Neno la kaskazini-mashariki lilikatwa likawa kaskazini, na wachezaji wakaambiwa watumie kifupisho. Je, kwa Kiswahili? "Chukua taa" ingepita bila shida. Lakini Mswahili aliyekwisha kuiona taa hasemi tena "chukua taa", husema "ichukue". Kama ni kisu atasema "kichukue", jiwe "lichukue", ufunguo "uchukue". Kitenzi ni kimoja, ila mashine ingeona ichuk, kichu, lichu na uchuk, ikadhani ni vitenzi vinne. Na kama mchezaji angesimulia badala ya kuamuru, basi alicheka, alichimba na alichukua yote yangekuwa neno moja: alich! Lugha yetu huweka habari nyingi mwanzoni mwa neno, mahali ambapo Kiingereza huweka mzizi. Mtu angelazimika kuandika programu inayojua ngeli. Sijui somo la upatanisho wa kisarufi linaloweza kuwaamsha wanafunzi wa mchana wa joto kuliko hilo, na halihitaji kompyuta, linahitaji ubao na chaki.

Kisa cha pili nacho ni cha kitenzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kumbi za michezo huko Japani zilijaa mashine za kufyatulia risasi. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, iliyotoka mwaka 1978, ndiyo iliyokuwa imetawala. Toru Iwatani, kijana wa kampuni ya Namco, alitaka mchezo ambao wanawake na wachumba wangeweza kuufurahia, si wanaume watupu. Hakuanza na picha, alianza na neno: kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kula. Kutokana na neno hilo ukaja mdomo, ukaja umbo la duara lililokatwa kipande, vikaja vitu vya kula njiani, vikaja vizuka vinavyomfukuza mlaji. Pac-Man ilitoka mwaka 1980. Jina lake limetokana na tanakali ya sauti ya Kijapani, paku paku, inayoiga mdomo unaofunguka na kufumba wakati wa kula. Hadithi inayopendwa, kwamba Iwatani aliona piza iliyoondolewa kipande, mwenyewe aliwahi kusema ni nusu ya ukweli.

Hebu tujaribu njia yake kwa lugha yetu. Kiswahili kina kula, kubugia, kubwakia, kutafuna, kuguguna na kumung'unya. Mchezo wa kubwakia ungekuwa wa shabaha, karanga moja baada ya nyingine. Wa kuguguna ungekuwa wa ukaidi, na mfupa haumaliziki. Wa kumung'unya ungemtaka mchezaji atulie, kwa kuwa mwenye haraka hapati utamu. Vitenzi sita, michezo sita, na hatujatoka katika ukurasa mmoja wa kamusi.

Alexey Pajitnov alikuwa na chemshabongo ya zamani. Mwaka 1984 alikuwa mtafiti katika Kituo cha Kompyuta cha Akademia ya Sayansi mjini Moscow, na alipenda mchezo wa vipande 12, kila kipande kikiwa na miraba mitano, unaotakiwa kuvipanga ndani ya kisanduku bila kuacha nafasi. Akapunguza miraba ikawa minne, vipande vikawa saba, akaviacha vianguke kutoka juu. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora, basi akavitengeneza vipande kwa alama za mabano. Tatizo likazuka: uwanja ulijaa katika muda mfupi na mchezo ukaisha. Akaongeza sharti moja, kwamba mstari uliojaa unatoweka. Hapo ndipo Tetris ilipozaliwa. Ukiuliza ni kipi kilichokuwa kipya kabisa, utakuta ni kidogo mno, na hicho kidogo ndicho kilichoshika dunia, hasa baada ya kuwekwa katika Game Boy ya Nintendo mwaka 1989. Haki za mchezo zilikuwa mikononi mwa dola ya Kisovieti, na mtunzi hakuanza kupata malipo yake ya haki miliki hadi mwaka 1996.

Ningeweza kuendelea na Satoshi Tajiri, aliyekusanya wadudu utotoni kisha, mwaka 1996, akawapa watoto Pokémon za kukusanya na kubadilishana. Lakini wasomaji wengi wanakijua kisa hicho, na nina hamu ya kufika nyumbani.

Mwaka 2000 ilitoka simu ya Nokia 3310, ambayo wengi wetu katika ukanda huu tuliishika. Kila mtu anaukumbuka mchezo wa nyoka. (Nao ulikuwa na babu yake: Taneli Armanto aliuweka katika Nokia 6110 mwaka 1997, ilhali mchezo wa mashine uitwao Blockade, wenye mistari inayorefuka, ulikuwapo tangu mwaka 1976.) Wachache wanakumbuka kwamba ndani ya 3310 kulikuwa pia na mchezo ulioitwa Bantumi: mashimo sita upande huu, sita upande ule, na ghala moja kwa kila mchezaji. Masikio ya Mbantu hayawezi kukosea. Huo ulikuwa mchezo wa mashimo na kete, ndugu wa bao, wa omweso wa Uganda na wa igisoro ya Rwanda. Hata hivyo haukutoka kwetu moja kwa moja. Kanuni zake zilikuwa za kalah, namna iliyotengenezwa na kuuzwa Marekani na William Julius Champion katika karne ya 20.

Ni vyema tuone kilichopotea njiani. Katika kalah, kete ukizila zinakwenda ghalani na mchezo hauzioni tena. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete iliyoliwa haifi. Mlaji huipanda upya upande wake, ianze kumtumikia yeye. Omweso na igisoro, zenye mashimo na kete za idadi hiyo hiyo, zinafuata msingi huo. Aidha bao lina hatua mbili, namua na mtaji, lina nyumba yenye haki zake, na mchezaji asiyeweza kula hana budi kutakata. Alexander de Voogt aliandika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995 juu ya umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar, wanaobeba mahesabu hayo yote kichwani. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliutatua kwa kompyuta mchezo wa awari, jamaa wa bao mwenye safu mbili na kete 48, kwa kuchunguza hali zaidi ya bilioni 889. Jibu likawa sare. Ghala letu, basi, limekwisha kubunguliwa na wengine, nao wamepata chakula.

Hapa kwetu wapo walioanza. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu ili kumnunulia kompyuta ya dola 300. Michezo aliyoiona ilikuwa ya kupiga risasi, na vita alikuwa akivijua bila kusimuliwa. Akabadilisha kitenzi: mchezaji wake hapigi, anakimbia. Anatafuta maji, chakula na dawa, na lengo ni kufika penye amani. Mayen alipanga pia kwamba chakula kinachonunuliwa ndani ya mchezo kwa fedha halisi kiwafikie wakimbizi halisi. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani. Mchezo aliuita Salaam, neno ambalo hatuhitaji kufasiriwa.

Kwa kufuata mifano hii nimekuwa nikiwapa wanafunzi zoezi fupi. Kila mmoja, peke yake kwanza, anaandika kitenzi kimoja cha kazi anayoijua kwa mikono yake, anaandika kanuni zake jinsi zilivyo, kisha anabadilisha sharti moja tu. Hapo ndipo kazi ya lugha inapoanza, kwani kanuni ya mchezo isiyoeleweka haichezeki. Ukikosea "mpaka" na "hadi" hakuna anayeumia, lakini ukichanganya "akila" na "asipokula" mchezo umekufa. Mwanafunzi mmoja alileta bodaboda ambaye hupoteza abiria akiendesha mbio. Mwingine alileta kuchota maji kisimani, ambapo mtungi haujai ila mwenzako akikushikia kamba. Nyingi ya kazi hizo, niseme kweli, ni mpira wa miguu uliovalishwa jezi nyingine.

Kazi iliyotukalisha muda mrefu ilitoka kwa msichana aliyejifunza omweso kwa babu yake. Alitunza kanuni zote isipokuwa moja. Kete iliyotekwa inapandwa upande wa mtekaji kama kawaida, lakini inakumbuka ilikotoka, na ikipita mara tatu mbele ya shimo lake la zamani inarudi kwao. Darasa liliugawa mchezo kwa mawe na kokwa za kunde ili kete zitofautiane, tukaucheza sakafuni, na unachezeka. Kilichobaki ni jina la kete hiyo. Mateka, wamesema baadhi. Mkimbizi, wamesema wengine, na upande wa dirishani wanashikilia mhamiaji. Kamusi zote tatu za idara zimefunguliwa, na hakuna aliyekubali kushindwa.