'Mshamba': Jina la mahali lililogeuka tusi

NENO 'mshamba' huwatatiza wengi, wakiwemo wanafunzi, ambao hudhani kuwa ni sawa na 'mkulima'. Katika maeneo ya Kericho na Bomet, ambako maelfu ya watu hutegemea majanichai, kosa hilo laweza kugeuza sifa kuwa tusi.

Kimuundo, neno hili limeundwa kwa nomino 'shamba' na kiambishi cha ngeli ya watu: mshamba, washamba. Maana yake ya kwanza ni mtu aishiye mashambani, jinsi 'mbara' alivyo mtu wa bara. Maana hiyo yenyewe haina dharau.

Maana ya pili ni mtu asiyefahamu desturi za mjini, na hali yake huitwa 'ushamba'. Ya tatu ni ya mazungumzo ya mitaani: mtu yeyote aliyepitwa na wakati au ashangaaye mambo ya kawaida, hata kama alizaliwa Nairobi.

Hata hivyo, mshamba si mjinga wala zuzu. Mjinga hajui, ila akifunzwa huelimika. Zuzu ni mzito wa kuelewa. Mshamba amekosa tu mazoea ya mahali, na kwa hivyo kila mtu huwa mshamba ugenini. Mkazi wa mjini akipelekwa kuchuma chai Litein, huenda asijue kwamba mchumaji stadi huchagua majani mawili na kichipukizi, wala kwamba majani hayo sharti yafike kiwandani upesi yasije yakaharibika.

Tangu kampuni kubwa zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, watu wa jamii mbalimbali wamekutana huko kutafuta riziki, na Kiswahili kikawasaidia kuelewana. Msimamizi amwitaye kibarua 'mshamba' hatajua kumweleza kuwa alikusudia maana ya kwanza. Msikilizaji atapokea ya tatu.

Hivyo basi, alimaye shamba lake aitwe mkulima. Aajiriwaye kuchuma, mchumaji chai. Alipwaye kwa siku, kibarua. Na aishiye huko, mkazi wa mashambani. Ibara ya 28 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yatambua kuwa kila mtu ana utu unaostahili kuheshimiwa. Heshima hiyo huanzia katika jina tunalomwitia mtu.