Mpangilio wa fuwele ndio huupa nguvu unga wa manjano

Vichocheo vya mwanga ni unga unaotumia nguvu za jua kusafisha maji machafu, au hata kuyatenganisha maji yenyewe yakawa haidrojeni na oksijeni. Mwaka wa 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kuwa oksidi ya titani inaweza kufanya kazi hiyo. Hata hivyo, oksidi hiyo huhitaji miale ya urujuanimno, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu za jua. Mwanga unaoonekana kwa macho huiponyoka.

Ndipo watafiti walipoigeukia vanadeti ya bismuthi, unga wa manjano ambao pia hutiwa katika rangi za magari. Mwaka wa 1999, kundi la Akihiko Kudo, wa Chuo Kikuu cha Sayansi cha Tokyo, lilieleza namna ya kuutengeneza majini katika halijoto ya kawaida, huku likiamua ni fuwele ya aina gani itokee. Unga wa aina mbili ulipatikana. Atomi zilikuwa zile zile, kwa uwiano ule ule. Mpangilio tu ndio uliotofautiana. Mmoja huhitaji elektronivolti 2.9 ili elektroni zake zichomoke. Wa pili, ambao oksijeni zinazoizunguka bismuthi zimepinda kidogo, huhitaji 2.4 pekee, hivyo hunasa mwanga hadi nanomita 520 hivi. Huo wa pili ndio uliotoa oksijeni kwa wingi. Kwa hivyo, anayeutaja unga huu kwa fomula yake pekee hajasema lolote la maana.

Umbo nalo lina uzito. Mwaka wa 2013, kundi la Can Li mjini Dalian, Uchina, lilithibitisha kuwa elektroni hukusanyika kwenye nyuso fulani za fuwele, na matundu yanayoachwa nazo kwenye nyuso nyingine. Yasipotenganishwa hivyo, hurudiana na nguvu ya jua ikaishia kuwa joto.

Nyuso hizo hutawaliwa kwa kiwango cha asidi, joto na muda wa kupika. Moto, aghalabu wa nyuzi 400 hadi 500, huugeuza mpangilio dhaifu kuwa ule bora, lakini chembe hunenepa na eneo la kufanyia kazi likapungua. Isitoshe, vanadeti hii haiwezi kutoa haidrojeni peke yake. Sharti iunganishwe na kichocheo kingine.