Pareto ya Nakuru: Ua lililoingizwa vitani na deni lililobaki mashambani

WAKATI viwanda vya Ulaya na Marekani vilipokuwa vikitengeneza baruti usiku na mchana katika Vita vya Pili vya Dunia, nyanda za juu zinazouzunguka mji wa Nakuru zilikuwa zikitoa silaha ya aina nyingine. Haikuwa na mlio wala moshi. Ilikuwa ua jeupe lenye kitovu cha manjano, lililochumwa kwa mkono katika mashamba ya Molo, Mau Narok, Ol Kalou na Kinangop. Adui aliyekusudiwa hakuwa askari, bali mbu, nzi na chawa, wadudu ambao katika vita vingi vya zamani waliua au kulaza vitandani watu wengi kuliko risasi.

Ua hilo ni pareto. Wakazi wengi wa Bonde la Ufa walio na umri wa zaidi ya miaka 40 wanalifahamu kama zao lililowalipia karo ya shule. Ni wachache wanaokumbuka kwamba lilipata umuhimu wake kwa sababu ya vita, na kwamba tabia ya soko lake, ya kupanda ghafla na kuporomoka ghafla, ilianza wakati huo huo.

Asili ya pareto si Kenya. Ilitoka Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki ambayo leo ni sehemu ya Kroatia. Biashara ya huko ilipovurugwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, Japani ilichukua nafasi hiyo na kuwa muuzaji mkuu duniani. Walowezi wa Kizungu waliijaribu Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kabla ya muongo uliofuata kumalizika, marobota ya maua makavu yalikuwa yakisafirishwa kwa reli hadi bandari ya Mombasa.

Mmea huu uliipenda Kenya kwa sababu maalumu. Pareto huhitaji baridi ya usiku ili kutoa vichipukizi vya maua, na baridi hiyo hupatikana katika maeneo ya mwinuko yaliyo karibu na ikweta, ambako hakuna majira makali ya theluji. Hivyo, mkulima wa Dalmatia au Japani alivuna mara moja kwa mwaka, ilhali yule wa Molo aliweza kuchuma kila baada ya wiki mbili au tatu kwa miezi mingi mfululizo. Aidha, maua ya Kenya yalipopimwa yalikutwa na sumu nyingi zaidi. Sumu hiyo, iitwayo pairethrini, hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na kumwangusha papo hapo. Kwa binadamu madhara yake ni madogo, na jua huiharibu kwa muda mfupi. Sifa hiyo ya mwisho ni baraka kwa mazingira lakini ni balaa kwa mwenye ghala, kwani maua yanayokaa muda mrefu hupoteza nguvu.

Mnamo Desemba 7, 1941, Japani ilishambulia kambi ya wanamaji ya Marekani ya Pearl Harbor. Kwa siku moja, Marekani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa pareto, ilijikuta vitani na nchi iliyokuwa ikiiuzia zao hilo. Majeshi yake yalikuwa yakielekea kwenye visiwa vya Pasifiki vilivyojaa malaria. Macho yote yakageukia Kenya.

Hapo ndipo pareto ilipopata jina la kivita. Wanasayansi wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walikuwa wamebuni mkebe wa chuma uliojazwa gesi iliyobanwa pamoja na dawa ya pareto. Askari alipofungua kizibo, dawa ilitoka kama ukungu mwembamba na kuenea ndani ya hema au ndege. Wanajeshi waliuita bomu la wadudu. Mikebe hiyo ilitengenezwa kwa makumi ya mamilioni kabla ya vita kumalizika, nayo ndiyo mama wa kila mkebe wa kunyunyizia dawa ulio dukani leo. Ndani yake mlikuwamo pia mafuta ya simsim. Simsim peke yake haiui mbu, lakini iligunduliwa kwamba ikichanganywa na pareto huiongezea makali, hivyo maua machache yakafanya kazi ya maua mengi. Unga wa kuua chawa waliopewa askari wa Marekani, kabla ya dawa ya DDT kupatikana kwa wingi, nao ulikuwa na pareto.

Nani aliyechuma maua hayo? Swali hili halina budi kuulizwa, maana hesabu za vita mara nyingi hutaja tani na kusahau mikono. Mnamo 1942 serikali ya kikoloni ilipitisha kanuni zilizoiruhusu kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika shughuli zilizotajwa kuwa za lazima kwa vita. Pareto ilikuwa miongoni mwazo, sambamba na mkonge. Machifu walitakiwa kutoa vijana, na vijana hao wakapelekwa katika mashamba ya watu binafsi, ambao faida ya mavuno iliingia mifukoni mwao. Mpango huo ulisitishwa kwa muda mwaka 1943 nchi ilipokumbwa na njaa, kisha ukarejeshwa. Kazi nyingine ilifanywa na maskwota, yaani familia za Kiafrika zilizoishi kwenye mashamba ya walowezi na kuruhusiwa kulima vipande vidogo kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba. Wanawake na watoto walikuwa wengi mashambani, kwa kuwa uchumaji huhitaji vidole vyepesi kuliko misuli.

Wakati huo huo, wanaume wengine wa nyanda hizo hizo walikuwa Burma wakivaa sare za King's African Rifles. Mnamo 1944 Kikosi cha 11 cha Afrika Mashariki kilipita katika Bonde la Kabaw, lililosifika kwa malaria kuliko karibu eneo lolote la mapigano hayo.

Vita vilipomalizika, soko liligeuka. Mkemia wa Uswisi, Paul Müller, alikuwa amegundua mwaka 1939 uwezo wa DDT wa kuua wadudu. Dawa hiyo ilikuwa rahisi kutengeneza, bei yake ilikuwa nafuu, na ilidumu ukutani kwa miezi kadhaa. Müller alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, huku walowezi wa Bonde la Ufa waking'oa pareto na kupanda mazao mengine.

Lakini mlowezi aliyeng'oa pareto alikuwa tayari amevuna. Miaka ya vita iliwapa wakulima wengi wa Kizungu bei nzuri iliyowawezesha kununua mashine na ng'ombe wa daraja, wakaanza kuwaona maskwota na mifugo yao kuwa mzigo. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameeleza jinsi masharti mapya ya miaka ya katikati ya 1940 yalivyopunguza mifugo na ardhi ya familia hizo, na jinsi maelfu walivyofukuzwa. Huko Olenguruone, mzozo kati ya serikali na watu waliohamishiwa huko ulizaa kiapo cha umoja, miaka kadhaa kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Si sahihi kusema kwamba pareto ilileta Mau Mau. Hata hivyo, fedha za vita zilikuwa sehemu ya mkondo huo.

Mwafrika alipewa nafasi ya kulima pareto kama zao lake mwenyewe kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Uhuru ulipopatikana, mashamba makubwa yaligawanywa, na familia zilizopata ekari chache Nyandarua na Molo zikaipanda, kama walivyofanya wenzao wa Kisii na Meru. Bahati nayo ikarudi. Rachel Carson alichapisha mwaka 1962 kitabu kilichofichua madhara ya DDT kwa ndege na mazingira, na Marekani ikapiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 1972. Dunia ikatafuta tena dawa ya asili.

Nakuru ikawa makao makuu ya zao hilo. Bodi ya Pareto ya Kenya ilikuwa na kiwanda chake mjini humo, ambako maua yalisagwa na kukamuliwa sumu, na makapi yakauzwa kama chakula cha mifugo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilivuna zaidi ya tani 15,000 za maua makavu kwa mwaka na kulisha sehemu kubwa ya soko la dunia.

Kisha likaja anguko la pili, ambalo halikuletwa na vita. Huko Uingereza, Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted walikuwa wameiga umbile la pairethrini katika maabara na kutoa, mwaka 1973, dawa ya pamethrini isiyoharibiwa upesi na jua. Dawa za ukoo huo ndizo zilizotiwa katika vyandarua ambavyo mamilioni ya Wakenya wamelala chini yake, kwa hiyo ua la Molo lingali nyumbani mwetu kwa njia ya mjukuu wake wa kiwandani. Jimbo la Tasmania, Australia, nalo lilianza kulima pareto halisi na kuivuna kwa mashine.

Ushindani huo ungeweza kuhimilika. Kilichowavunja moyo wakulima ni malipo. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 walipeleka maua na kungoja kwa miezi, wengine kwa miaka, huku bodi ikizama katika madeni. Mkulima mwenye ekari moja hawezi kungoja hivyo. Aling'oa na kupanda viazi. Mavuno ya taifa yalishuka hadi chini ya tani 1,000, na Tasmania ikashika nafasi ya kwanza. Sheria ya mwaka 2013 iliivunja bodi, kampuni ya serikali ya usindikaji ikaundwa, na milango ikafunguliwa kwa kampuni binafsi. Serikali ya Kaunti ya Nakuru imegawa miche ili kufufua zao hilo, na baadhi ya wakulima wameirudia pareto. Wengine, hasa wale waliozeeka wakidai, wameikataa.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu 1942. Mchumaji hupita kati ya mistari akiwa na kikapu, akichagua maua yaliyofunguka barabara na kuacha yale machanga. Kilo nne au zaidi za maua mabichi hukauka na kubaki kilo moja, na ni hiyo moja tu inayolipiwa.