Mwalimu wa Mbali Siku za Maradhi

Tunapotaja kazi za Mtakatifu Paulo twakumbuka mara safari zake, vifungo vyake na barua zake. Jambo moja twalisahau: Paulo alikuwa mwalimu mgonjwa katika nchi ya ugeni. Mwenyewe awakumbusha Wagalatia kwamba ugonjwa wa mwili ndio uliomkalisha kwao mara ya kwanza, nao hawakumdharau, bali walimpokea kama malaika wa Mungu. Tena Wafilipi walimtuma Epafrodito ampelekee msaada kifungoni. Huyo naye akaugua huko mbali, nusura afe, akafadhaika kwa sababu wenzake wa nyumbani walikuwa wamesikia habari za ugonjwa wake.

Basi tangu siku za Mitume Kanisa lina shida hiyo: mwalimu ametumwa mbali, maradhi yameingia, njia zimefungwa. Je, nani atamtunza?

Swali hili ni letu pia hapa Bengamisa. Sisi tuko katika barabara ya kutoka Kisangani kwenda Banalia na Buta. Chuo cha kilimo huleta hapa walimu na wanafunzi wa makabila mengi, na misioni tangu zamani huleta wageni. Lakini njia iletayo walimu huweza kuleta na maradhi. Mwezi wa Mei 2017 Ebola ilionekana Likati, katika mkoa wa Bas-Uélé, ng'ambo ya Buta. Watu 8 walihesabiwa kuwa wameugua, na 4 kati yao walikufa. Ndiyo maana nataka tutazame mambo ya zamani na ya karibuni, tujue walimu wa mbali walitunzwaje, na pengine hawakutunzwaje.

Tuanze na Karema, katika pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika. Kardinali Lavigerie, mwenye kuanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, alifikiri hivi: Afrika itaongoka kwa kazi ya Waafrika wenyewe. Mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wajifunze udaktari katika chuo kikuu cha huko. Alitaka wawe madaktari na makatekista pamoja. Tena aliagiza wasigeuzwe kuwa Wazungu, bali waishi kama Waafrika wenzao na kuoa kwao.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu ya mwaka 1866, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akatekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka mapadri walipomkomboa katika nchi ya Algeria. Alipomaliza masomo ya Malta alianza safari mwaka 1888 kwa njia ya Unguja, akafika Karema mwaka 1889. Mwenzake Joseph Gatchi alifanya kazi ya namna ile ile upande wetu wa Kongo.

Fikiri, msomaji, hali ya Atiman. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama ya wenyeji, lakini alikuwa mgeni kabisa. Hakuijua lugha yao, wala hakuwa na ukoo kati yao. Dawa zake zilitoka Ulaya kwa meli mpaka pwani, kisha zikapanda bara juu ya vichwa vya wapagazi kwa miezi. Katika miaka ile ile, 1888 na 1889, vita vya Abushiri vilikuwa vinaichafua pwani. Msafara ukikwama, daktari hubaki na mikono mitupu mbele ya wagonjwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaenea ugonjwa wa malale. Katika Uganda peke yake yakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa kati ya mwaka 1900 na 1920. Ugonjwa ukafika hata mwambao wa Tanganyika, na serikali zikahamisha vijiji viondoke karibu na maji. Atiman hakuondoka. Alikaa Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956, yaani miaka 67.

Nguvu hiyo aliitoa wapi? Kwanza kwa Mungu, bila shaka. Mapadri nao walimpa nyumba na dawa. Lakini wenyeji walimpa jambo ambalo haliwezi kuletwa kwa meli. Agnes alikubali kuwa mke wake, na kwa ndoa hiyo mtu asiye na ukoo akapata ukoo. Mwana wao Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Aliyefika kama mgeni wa wageni alizikwa kama mzee wa nchi.

Sasa tuje karibu na kwetu. Yambuku ni misioni katika msitu, kaskazini ya Bumba. Ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1976 masista kutoka Ubelgiji walikuwa wakihudumu katika hospitali yake yenye vitanda 120, na kulikuwa na shule pia. Watu walitembea mbali sana kufika hapo, maana walipendwa na dawa zilipatikana. Lakini daktari hakuwapo hata mmoja. Kila asubuhi sindano tano tu zilitolewa kwa ajili ya wagonjwa, nazo zilitumika kwa mmoja baada ya mwingine, zikisuuzwa tu kwa maji ya moto.

Mwishoni mwa Agosti mwalimu mkuu wa shule ya misioni, aliyetoka safarini upande wa kaskazini, alishikwa na homa. Akachomwa sindano ya malaria, maana kila mtu alidhani ni malaria. Tarehe 8 Septemba akafa. Kisha wakaanza kufa watu wa nyumbani kwake, na waliochomwa sindano hospitalini, na akina mama wajawazito, na masista wenyewe. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa. Sista mmoja alipelekwa Kinshasa akafa huko, na muuguzi kijana aliyemhudumia akafa pia. Jumla waliougua walikuwa 318, na waliokufa 280. Ugonjwa huo mpya ukapewa jina la mto Ebola.

Wataalamu walipofika mwezi wa Oktoba, waliwakuta masista waliosalia wamejitenga katika nyumba moja, wamefunga kamba mbele yake, wakiwakataza watu kukaribia wasije wakafa. Walikuwa wanasali na kungojea zamu yao.

Nasema hayo kwa heshima, wala simhukumu mtu. Masista hao walitoa uhai wao. Lakini upendo wao uliachwa bila vyombo. Waliotumwa walikuwa hodari, ila tegemeo lao lilikuwa dogo: daktari hakuna, sindano tano, barabara mbaya, habari hazifiki upesi. Hapo twajifunza kwamba kumtuma mwalimu mbali na kumwachia moyo wake tu ni kumweka hatarini, yeye pamoja na watu anaowatumikia. Aliyekuja kusaidia aweza, pasipo kujua, kuwa mlango wa kifo.

Jambo jingine la Yambuku tusilisahau. Wazee wa vijiji vingi hawakungoja amri ya serikali. Walikumbuka desturi ya siku za ndui, wakafunga njia za kuingia vijijini, wakawatenga wagonjwa. Elimu hiyo ilikuwa ya wenyeji, na iliokoa watu. Basi mgeni ana elimu yake na mwenyeji ana yake, na siku ya maradhi kila mmoja amhitaji mwenzake.

Mwaka 2020 dunia nzima ilipatwa. Nchi yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona tarehe 10 Machi, na kabla mwezi haujaisha shule na makanisa yalikuwa yamefungwa. Shule hazikuanza kufunguliwa mpaka Agosti. Katika mwezi huo wa Machi, huko Parma katika Italia, nyumba kuu ya wamisionari Waksaveri ilipoteza wazee wake zaidi ya 10 katika majuma machache. Shirika hilo limefanya kazi katika Kongo ya mashariki tangu mwaka 1958. Wazee waliowafundisha watoto wa nchi za mbali walizikwa bila umati wa watu, na wale waliobatizwa kwa mikono yao hawakuweza hata kuvuka mpaka wawalilie.

Nami nina la kuungama. Siku zile mwalimu mmoja kijana, mzaliwa wa mkoa mwingine, alibaki peke yake katika nyumba ya kupanga, jirani yangu. Shule imefungwa, njia ya kwao imefungwa. Kwa sababu alikuwa amefika kwa gari kutoka mjini siku chache kabla, watu walisema, "Huyu ndiye atakayetuletea." Hakuwa mgonjwa. Hata hivyo watoto walikatazwa kumchotea maji, na muuza mihogo aliupita mlango wake. Mimi, katekista, nilipita pia, kwa siku nane. Siku ya tisa bibi mmoja mjane aliweka sufuria ya sombe kizingitini pake, akasimama mbali, akamwita kwa jina, akamwuliza mama yake hajambo. Bibi yule hakuvunja amri hata moja ya waganga. Alifanya tu kile ambacho mimi nilikuwa nakifundisha kila Dominika.

Basi tufanyeje? Kwanza, tumtunze mwalimu wa mbali kabla maradhi hayajaja: tujue jina lake, kwao, na jinsi ya kupata habari za wazazi wake. Asiyejulikana siku za afya atakuwa mshukiwa siku za ugonjwa. Pili, shauri la parokia litenge akiba ya chakula, sabuni na dawa kwa ajili ya wageni wasio na shamba wala ndugu hapa, na kuuliza mapema zahanati yetu ina nini na imepungukiwa nini. Tatu, tufuate maagizo ya waganga. Kumtenga mgonjwa si kumtupa, kama chakula chake chafika na sauti ya mtu yafika.

Tusidhani kwamba shughuli hii ni ya maaskofu na serikali peke yao. Paulo hakuwasifu Wagalatia kwa mali yao. Aliwasifu kwa sababu walimwona mgeni mgonjwa, wasimgeuzie uso. Na watoto wetu wengi leo wanafundisha katika nchi za watu. Tumwombe Mungu kwamba siku njia zitakapofungwa tena, wampate huko mtu wa kuweka sufuria kizingitini na kuwaita kwa jina.