1927: Mwaka valvu zilipofundishwa adabu

Babu yangu aliniachia amplifaya ya valvu. Transfoma ya spika ilipoungua, nikaipeleka kwa fundi aibadilishe. Ilirudi ikipiga mayowe kama king'ora. Fundi akasema valvu zimekufa, na valvu mpya ni ghali. Nilibakiza kidogo tu niiuze kama chuma chakavu. Kilichoiokoa ni historia, kwa hiyo vuta kiti nikusimulie.

Mwanzoni valvu hazikuwa na shida ya kuvuma. Lee de Forest alipounda valvu yake mwaka 1906, uzi wa ndani ulipashwa moto kwa betri, na umeme wa betri umetulia. Matatizo yalianza watu walipochoka kuchaji betri wakataka kuchomeka redio ukutani. Umeme wa ukutani huenda na kurudi: Marekani mizunguko 60 kwa sekunde, kwetu 50. Na kwa kuwa uzi uleule ndio uliotoa elektroni, mizunguko ikasikika kwenye spika: mmmmm.

Mwaka 1927 Marekani ikapata valvu namba 227. Humo uzi hautoi elektroni tena. Unapasha moto kimrija kilichouzunguka, na kimrija ndicho kinachozitoa. Fikiria chungu cha uji jikoni: ndimi za moto zinachezacheza, lakini joto la uji halibadiliki.

Ugonjwa wa pili ulikuwa sauti kukwaruza. Simu za masafa marefu zilipita kwenye amplifaya nyingi zinazofuatana, kila moja ikiongeza makosa yake. Tarehe 2 Agosti mwaka huohuo, Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, alikuwa kwenye kivuko cha mto Hudson akienda kazini New York. Wazo likamjia, akaliandika palepale juu ya gazeti: chukua sehemu ya sauti inayotoka, igeuze kinyume, irudishe mlangoni. Kosa linakutana na kinyume chake, linapungua. Unapoteza nguvu, unapata usafi. Wazo lilionekana la ajabu kiasi kwamba hataza aliyoomba mwaka 1928 ilitoka mwaka 1937!

Sasa turudi kwa babu. Amplifaya yake inatumia ujanja huo wa Black. Waya mbili za transfoma upande wa spika zikifungwa kinyume, kinachorudi mlangoni hakipingi kosa tena, kinalichochea. Nikazibadilishana. Mayowe yakakoma. Valvu zilikuwa nzima kabisa.

Ukabaki mvumo mdogo, na hapa kazi ni ya masikio. Mvumo wa mizunguko 50? Shuku waya wa ardhi, au nyaya za kupasha uzi. Ni 100, yaani oktavu moja juu? Shuku kapasita za kulainisha umeme, maana umeme ukinyooshwa pande zote mbili, kila mzunguko hutoa mapigo mawili. Wangu ulikuwa 100. Kapasita zilikuwa zimekauka.

Tahadhari, na hapa sitanii: kapasita hizo huweza kushika volti mamia hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujui kuzimaliza chaji na kupima, mwachie anayejua. Wewe sikiliza tu, kisha umwambie fundi ulichosikia kabla hajakuuzia valvu mpya.