Asilimia Isiyomtaja Anayedai

Januari 2022 mtambo wa chuma wenye urefu wa mita 432 na upana wa mita 66 uliwasili kwenye maji ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ukiwa umevutwa na meli kutoka Korea Kusini ulikoundwa. Jina lake Coral Sul. Kazi yake ni kuchukua gesi ya chini ya bahari, kuifanya kimiminika na kuipakia melini papo hapo. Kwa mtakwimu wa biashara ya nje, hata hivyo, huo ulikuwa mzigo ulioagizwa kutoka ng'ambo kama ulivyo mchele au marobota ya mitumba, na ulipaswa kuingizwa vitabuni. Ukaingizwa. Nakisi ya urari wa malipo ya kawaida ya Msumbiji kwa mwaka huo ikapita asilimia 30 ya Pato la Taifa.

Tarakimu hiyo inatisha. Wachumi wengi hufundisha kwamba nakisi ikizidi asilimia 5 mtu aanze kukaa macho. Thailand ilikuwa na takribani asilimia 8 mwaka 1996, na Julai ya mwaka uliofuata sarafu yake ikaporomoka. Kwa kipimo hicho Msumbiji ingekuwa imezama zamani. Lakini sarafu yake, metikali, ilikaa pale pale ilipokuwa, karibu 64 kwa dola moja, mwaka mzima.

Maelezo yake hayahitaji nadharia nzito. Mtambo uliingia vitabuni mara mbili: upande mmoja kama bidhaa iliyoagizwa, upande wa pili kama mtaji na mikopo ya wenye mradi, kampuni ya Eni na wabia wake. Benki kuu ya Msumbiji haikuuza akiba yake ya dola ili chuma hicho kilipiwe. Deni lipo, na litalipwa, ila litalipwa kwa gesi ile ile, na shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Nakisi hiyo ilizaliwa na mlipaji wake mkononi.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Uwiano wa urari wa malipo ya kawaida na Pato la Taifa, ambao kila taarifa ya uchumi huuweka kwenye jedwali na kila mwandishi wa habari huunukuu, unatuambia nchi imetumia kiasi gani zaidi ya ilichopata. Hautuambii nani amejaza pengo, kwa masharti gani, na atalitaka lini. Kwa nchi zetu, swali hilo la pili ndilo linaloamua kama shilingi italala salama.

Istilahi nayo haitusaidii. Taarifa za Tanzania husema "urari wa malipo ya kawaida", na Wakenya wengi husema "akaunti ya sasa". Sioni la kawaida katika kuagiza mtambo wa mita 432, na hiyo "sasa" haimfafanulii msomaji chochote. Tunachozungumzia ni hesabu ya bidhaa na huduma zinazotoka na kuingia, pamoja na riba, gawio, misaada na fedha ambazo watu wetu wa ughaibuni hutuma nyumbani. Kwa upande mwingine wa sarafu, ni tofauti kati ya kile taifa linachoweka akiba na kile linachowekeza. Nchi inayojenga reli na mabwawa kuliko akiba yake inavyoruhusu itakuwa na nakisi, itake isitake. Australia iliishi na nakisi kwa zaidi ya miaka 40, hadi 2019, na hakuna aliyeikimbia.

Sasa tuvuke mpaka wa Namanga. Mwaka 2022 nakisi ya Kenya ilikuwa kama asilimia 5 ya Pato la Taifa. Mwaka 2023 ikashuka hadi karibu asilimia 4. Kwa anayesoma jedwali pekee, mambo yalikuwa yakinyooka. Lakini mwaka huo huo shilingi ya Kenya ilitoka takribani 123 kwa dola hadi karibu 157, na Januari 2024 ikagusa 160. Nakisi inapungua, sarafu inaanguka! Kitabu cha mwaka wa kwanza hakina ukurasa wa jambo hili.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba nakisi inaweza kupungua kama mgonjwa anavyopungua uzito. Mwagizaji asiyepata dola haagizi, na asipoagiza, jedwali linapendeza. Ya pili ilikuwa na tarehe yake kabisa: hati fungani ya dola bilioni 2 ambayo Kenya iliiuza katika soko la kimataifa mwaka 2014 ilikuwa inaiva Juni 2024, na kila mwenye dola alijua kwamba Hazina haijaonyesha itazitoa wapi. Malipo ya deni lenyewe, tofauti na riba yake, hayamo kabisa katika urari wa malipo ya kawaida. Yamo upande wa pili wa vitabu, ambako waandishi wa vichwa vya habari hawafiki. Hofu yote iliishi huko.

Kisha Februari 2024 serikali ikauza hati mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua nayo sehemu kubwa ya ile ya zamani. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa inauzwa karibu shilingi 131. Katika wiki hizo chache hakuna kilo ya chai iliyoongezeka shambani Kericho, wala Mkenya wa ughaibuni aliyebadili kazi. Kilichobadilika ni tarehe ya mdai.

Tanzania nayo iliuonja ukame huo wa dola. Mwaka 2023, nakisi yetu ikiwa inapungua, mfanyabiashara mmoja wa vipuri Kariakoo alikuwa akizunguka benki tatu kwa siku na begi lake la nyaraka: hapa anaahidiwa dola 500, pale anaambiwa arudi Alhamisi. Nilimweleza, kwa kujiamini kwa mtu mwenye mshahara, kwamba takwimu zinaonyesha hali inatengemaa. Akanitazama. "Mwalimu," akasema, "hizo asilimia zako zinatolewa dirisha namba ngapi?"

Nilicheka, lakini swali lake ni la kitaaluma kuliko alivyodhani. Asilimia ina sehemu mbili, na ya chini yake ni tete kuliko tunavyokiri darasani. Septemba 2014 Kenya ilihuisha mwaka wa kizio wa takwimu zake, na Pato la Taifa la 2013 likaongezeka kwa asilimia 25.3. Nakisi ambayo ingekuwa asilimia 10 kwa hesabu ya zamani inasomeka asilimia 8 kwa hesabu mpya, bila kontena hata moja kuondoka Mombasa. Nigeria, Aprili ya mwaka huo, iliongeza pato lake kwa asilimia 89; huko nakisi au ziada yoyote ilikaribia kugawanywa nusu kwa kalamu. Ongeza hapo kwamba nakisi hupimwa kwa dola ilhali pato huzalishwa kwa shilingi. Shilingi inapotoka 123 hadi 157, uchumi ule ule, uliopimwa kwa dola za siku hiyo, husinyaa kwa zaidi ya tano moja. Ukitumia wastani wa mwaka makali hupungua, ila hayaishi.

Najua jibu la wanaoutetea uwiano huu, nami silipuuzi. Nakisi za mwaka hadi mwaka hujikusanya na kuwa deni, na deni lisilozaa bidhaa ya kuuza nje mwishowe huikaba nchi. Ni kweli. Ila kigezo hicho kinapima uzito wa mzigo kwa miaka mingi, wakati sisi tunakitumia kama kipimajoto cha mwezi huu. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ya Novemba 2013, iwe kwa kukusudia au la, ilifanya busara: vigezo vyake vinne vikuu ni mfumuko wa bei, nakisi ya bajeti, deni la umma, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi 4.5 ya uagizaji. Urari wa malipo ya kawaida haumo.

Napendekeza badiliko dogo katika majedwali yetu. Pembeni ya asilimia ya nakisi ziongezwe safu mbili: ni sehemu gani ya nakisi hiyo iliyojazwa na uwekezaji wa moja kwa moja, na ni madeni kiasi gani ya fedha za kigeni yanayoiva ndani ya miezi 12. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limetumia vipande vya chuma vilivyotoka ng'ambo, na jedwali la sasa linakiandika kila kipande kwa namna ile ile linavyoandika dizeli iliyochomwa jana kwenye foleni ya Ubungo.